Mtoto anayemaliza kwanza naye ahitaji mwalimu

Kama una mtoto katika shule ya msingi, yamkini umewahi kupata kijibarua au simu ikikutaka ufike shuleni bila kukawia. Moyo hukupiga. Hujiuliza kama ameumia, kama ameiba kalamu ya mwenzake au kama hukulipa pesa za chakula. Mimi niliitwa mwaka ambao kitindamimba wangu alikuwa gredi ya tatu. Kosa nililosomewa, ukiondoa maneno mengi yaliyolizunguka, lilikuwa moja tu: mtoto huyu humaliza kazi kabla ya wenzake.

Mwalimu wake hakulitamka hivyo, bila shaka. Alisema, "Mama, huyu binti ni msumbufu. Wenzake wakiandika yeye anazungumza. Anazunguka darasani. Jana amejaza michoro kwenye daftari la Hisabati." Nilipofunguliwa daftari hilo niliona hesabu kumi za kuzidisha, zote zimetiwa tiki, na chini yake mashua, ngalawa na meli, ukurasa baada ya ukurasa. Mwalimu alikuwa na watoto 64 katika chumba kimoja. Sikumlaumu. Nilimwomba radhi, na jioni hiyo nyumbani nikamchapa binti yangu kwa utundu.

Naandika hayo nikiona haya.

Muhula uliofuata nilidhani dawa imefanya kazi. Hakuna aliyeniita tena shuleni. Ripoti ikasema nidhamu yake imeimarika. Alama za Hisabati zilikuwa zimeshuka kidogo, lakini nikajiambia kuwa heri mtoto wa wastani aliyetulia kuliko mwerevu asiye na adabu. Kisha jioni moja, nikiwa jikoni, nikamsikia akimnong'onezea kaka yake majibu. Kaka yake alikuwa gredi ya sita na alikuwa amekwama katika hesabu za sehemu. Nikamwita na kumwuliza: iweje ujue haya, na darasani unapata saba kwa kumi? Akaniangalia chini-chini kisha akasema, "Nikimaliza mapema naambiwa ninyamaze ningoje. Kwa hivyo naandika polepole. Nyingine naziacha."

Mpenzi msomaji, mtoto wa miaka tisa alikuwa amejifunza kujificha. Si mwalimu peke yake aliyemfunza hivyo. Fimbo ilikuwa yangu.

Tangu hapo nimezungumza na wazazi na walimu wengi kuhusu watoto wa aina hii, na jambo moja limenishangaza. Sote hukubaliana kwamba mtoto anayechelewa kuelewa anahitaji msaada. Tukisikia kuhusu mtoto mwepesi wa kuelewa, husema, "Huyo hana shida, atajisimamia." Lakini kujisimamia si kazi ya mtoto wa gredi ya tatu. Mtoto anayekaa miaka sita akingoja wenzake wamalize hajifunzi lolote katika saa hizo ila kungoja. Hajui kukuna kichwa, kufuta na kujaribu tena. Siku atakapokutana na jambo gumu kwa mara ya kwanza, pengine akiwa sekondari, atalikimbia kwa sababu hajawahi kufunzwa kupambana.

Huenda hujui kwamba sheria yetu inamtambua mtoto huyu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inawahesabu wanafunzi wenye vipawa na vipaji maalum miongoni mwa watoto wenye mahitaji maalum, pamoja na wasioona, wasiosikia na wengineo. Sera ya elimu maalum ya mwaka 2009 nayo iliwataja. Wengi wetu tukisikia maneno "mahitaji maalum" hufikiria kiti cha magurudumu peke yake. Si ajabu basi kwamba mzazi akiambiwa mtoto wake ana mahitaji maalum hukasirika, na akiambiwa ana kipawa huagiza keki.

Lakini mwenye kipawa ni nani? Hapa ndipo wengi hupotea, hususan sisi tuliolelewa katika mfumo wa 8-4-4. Kwa miongo mingi tulimjua mtoto mwerevu kwa nambari aliyoshika. Aliyekuwa wa kwanza katika KCPE alibebwa juu juu mabegani, na picha yake ikatokea gazetini akiwa amekumbatiwa na mamake. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini macho yetu hayajabadilika. Bado twauliza, "Amekuwa namba ngapi?" Namba moja anaweza kuwa mtoto mwenye bidii, mwenye mwandiko mzuri na aliyelipiwa tuisheni. Hayo ni mambo mema, lakini hayatoshi kukuonyesha kipawa. Na mwenye kipawa anaweza kuwa namba ishirini, kwa kuwa amechoka.

Joseph Renzulli, msomi wa elimu nchini Marekani, aliandika mwaka 1978 kwamba kipawa huonekana pale mambo matatu yanapokutana: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na ile hali ya kushikilia kazi bila kuiacha. Ukiyatazama matatu hayo utaona kwamba karatasi ya maswali ya kuchagua jibu hupima la kwanza tu, tena nusunusu. Hata wataalamu wenye vipimo vizuri hukosea. Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwachagua watoto wa California kwa kipimo cha akili, akapata zaidi ya 1,500 ili awafuatilie maishani mwao. Miongoni mwa waliopimwa na kuachwa nje kwa kutofikisha alama walikuwa wavulana wawili, William Shockley na Luis Alvarez. Shockley alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1956, na Alvarez mwaka 1968. Katika wale waliochaguliwa hakuna aliyeipata.

Kwa hivyo usikimbilie kipimo. Mtazame mtoto wako kwanza. Je, huuliza maswali yanayokuchosha, tena yanayofuatana, la pili likizaliwa na jibu la la kwanza? Je, hufungua redio na tochi ili aone zilivyo ndani, na mara nyingine akashindwa kuzirudisha? Je, hukumbuka alichosimuliwa mwaka jana neno kwa neno? Je, hupenda kukaa na watu wakubwa kuliko rika lake, au hukasirika mno akiona mwenzake ameonewa? Mmoja wa watoto hawa atajifunza kusoma mwenyewe kwa maandishi yaliyo kwenye matatu na mifuko ya unga. Mwingine atatunga nyimbo. Mwingine hatasema lolote, bali atachora.

Nikuonye pia kuhusu wale wasioonekana kabisa. Kuna mtoto aliyeletwa mjini juzi kutoka mashambani na ambaye Kiingereza chake bado ni cha kubabia. Darasani hudhaniwa mjinga, ilhali kwa lugha ya mama huenda angewashinda wote. Kuna msichana ambaye amegundua kwamba rafiki zake hawapendi anayejua sana, kwa hivyo ameamua kutojua. Na kuna mtoto anayebabaika katika kusoma, herufi hazimwingii, lakini mweleze jambo kwa mdomo uone atakavyolichambua. Huyo ana kipawa na tatizo kwa pamoja. Kwa kuwa kimoja huficha kingine, mara nyingi hasaidiwi kwa lolote kati ya hayo mawili.

Wakati mwingine mtoto huokolewa na swali moja. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 huko Ihithe, Nyeri, hangeanza shule alipoanza kama si kakake Nderitu kumwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shuleni kama wao. Mama akafikiri, akasema hakuna sababu. Alikuwa na miaka minane. Sote twajua mwaka 2004 ulivyokuja na Tuzo ya Amani ya Nobel.

Sasa tuje kwenye swali ambalo kila mzazi huniuliza: nifanye nini?

Nilirudi shuleni, safari hii bila kuitwa. Niliingia na hofu, maana mzazi anayekwenda kusema "mtoto wangu ni mwerevu sana" huonekana mwenye majivuno. Kwa hivyo sikusema hivyo. Nilichukua daftari la nyumbani alimofanyia hesabu za kaka yake, nikaliweka mezani, nikamweleza mwalimu maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Mwalimu alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau: "Mama, mimi hushinda nikiwaangalia wale kumi wa nyuma. Hawa wa mbele nashukuru tu kwamba hawaniulizi."

Alichofanya hakikugharimu hata shilingi. Alitafuta mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, akaukata karatasi ndogondogo na kuandika swali moja katika kila karatasi. Mtoto yeyote aliyemaliza kazi ya darasa na kuipata sawa aliruhusiwa kutia mkono mkebeni. Nasema mtoto yeyote, maana mwalimu alikataa kumtenga binti yangu peke yake, na ninaamini alifanya vyema. Katika wiki ya pili, mtoto ambaye hakuna aliyemtarajia, wa dawati la nyuma kabisa, alikuwa miongoni mwa walioupenda mkebe.

Ni maswali gani hayo? Hapa, mzazi, sikiliza vizuri, maana hapa ndipo tunapokosea kwa nia njema. Mtoto aliyemaliza hesabu kumi za kuzidisha usimpe nyingine ishirini za namna ileile. Hiyo ni adhabu, na mtoto mwerevu huitambua upesi: atajifunza kwamba malipo ya kumaliza ni kazi zaidi. Mpe swali ambalo halimaliziki kwa pumzi moja. Mojawapo ya karatasi za mkebeni iliuliza hivi: Una noti za shilingi 50, za shilingi 100 na za shilingi 200, nyingi upendavyo. Waweza kulipa shilingi 500 kwa njia ngapi?

Jaribu mwenyewe kabla hujaendelea kusoma. Jibu ni njia 12. Lakini jibu ndilo dogo katika swali hilo. Binti yangu alianza kwa kuandika ovyo, akasahau nyingine, nyingine akazirudia mara mbili. Siku ya pili akaamua kuzipanga: kwanza zile zisizo na noti ya 200, kisha zenye noti moja, kisha zenye noti mbili. Akapata 6, 4 na 2. Akajiuliza ingekuwaje kama ni shilingi 600. Akapata 7, 5, 3 na 1, jumla yake 16. Alikuja nyumbani mbio kuniambia kwamba 16 ni nne mara nne, na kwamba lazima kuna siri hapo. Hakuna aliyemtuma. Alama za kuzidisha zilirudi kumi kwa kumi bila mtu kuzitaja.

Kuna njia nyingine ambayo walimu huipenda, nayo ni kumfanya mtoto mwepesi awe msaidizi wa kuwafunza wenzake. Mara moja moja ni jambo zuri, humfunza upole na kueleza jambo kwa mpango. Kila siku ni unyonyaji. Mtoto hakuja shuleni kuajiriwa.

Na kumrusha darasa? Zamani jambo hilo lilikuwa la kawaida katika shule zetu. Huenda wewe mwenyewe una mjomba anayejigamba kwamba alitoka darasa la pili akaingia la nne. Wengi huhofia kwamba mtoto atateseka kwa kuwa mdogo kuliko wenzake. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2004 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa ilikusanya tafiti za miaka mingi na kuonyesha kwamba wanafunzi waliosongeshwa mbele kwa uangalifu hufanya vizuri, na kwa kawaida hawadhuriki katika urafiki na tabia. Tia mkazo kwenye neno uangalifu. Mtoto aulizwe kama anataka. Mwalimu anayempokea awe tayari kumpokea. Katika shule zetu naona njia ya kati ni rahisi zaidi: mtoto wa gredi ya nne aruhusiwe kuingia kipindi cha Hisabati cha gredi ya tano, kisha arudi kucheza na rika lake. Yahitaji walimu wawili wanaoelewana na ratiba inayolingana, basi.

Ukitaka mtoto wako atathminiwe rasmi, kuna vituo vya serikali vya kutathmini watoto, vinavyojulikana kwa herufi EARC, ambavyo vilianzishwa nchini mwaka 1984. Taasisi ya Kenya ya Elimu Maalum, KISE, iliyoko Kasarani jijini Nairobi, nayo hutathmini watoto. Aghalabu wanaopelekwa huko ni wenye ulemavu, na usishangae ukiulizwa mtoto wako ana tatizo gani. Kwa mtoto anayebabaika kusoma huku akionyesha akili kali, safari hiyo ni ya lazima.

Nyumbani kuna mengi yasiyohitaji pesa. Maktaba ya McMillan katikati ya jiji la Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na ina matawi Kaloleni na Makadara. Miji mingine nayo ina maktaba zake za umma. Mpeleke Jumamosi, umwache achague kitabu mwenyewe, hata kama umri ulioandikwa mgongoni si wake. Jibu maswali yake. Usipojua, sema hujui, mkatafute pamoja. Mtoto akiona mzazi hajui na bado yu mzima, hatakuwa na hofu ya kutojua.

Hofu hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kuliko uvivu. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wa darasa la tano. Baada ya zoezi la kwanza, baadhi walisifiwa kwamba ni werevu na wengine kwamba wametia bidii. Waliosifiwa werevu walipoulizwa wanataka zoezi gani baadaye, wengi walichagua lililo rahisi. Walipopewa gumu wakashindwa, walivunjika moyo na matokeo yao yakashuka. Walipotakiwa kumwandikia mtoto mwingine alama walizopata, wengi zaidi kati yao waliongopa. Sasa fikiria ni mara ngapi tumemwambia mgeni sebuleni, mtoto akisikia, "Huyu ndiye daktari wetu, huyu ana kichwa!" Twadhani tunampa mabawa, kumbe tunamtwika mzigo wa kutokosea kamwe.

Dawa niliyoipata mimi ilikuwa nje ya duka, mtaani kwetu. Mzee mmoja mwenyeji wa Lamu huketi hapo jioni na bao lake. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji lazima afuate kete kwa akili kabla hajazishika kwa mkono. Binti yangu alianza kwa kusimama kando. Babu yule akamwita, akamfunza kanuni, na tangu siku hiyo humshinda kila jioni. Hamwachii hata mara moja. Siku za mwanzo alirudi akilia. Nilitaka kwenda kumwambia mzee amhurumie mtoto, nikajizuia mlangoni. Siku hizi akirudi hunieleza ni shimo gani alilokosea, na kesho yake huenda tena.

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, pengine unajitambua katika hadithi hii. Ukimaliza kazi mapema, usipige wenzako kelele, na usijifiche vilevile. Mwendee mwalimu wako baada ya kipindi, si mbele ya darasa, umwambie: "Mwalimu, nimemaliza. Naomba swali gumu zaidi." Walimu wengi hawajawahi kusikia maneno hayo, na si wengi watakaokufukuza.

Mzazi, ripoti za siku hizi zina maneno "anazidi matarajio". Ukiyaona muhula huu, furahi, kisha mwulize mwalimu swali moja kwa heshima: kwa kuwa amezidi, sasa anapewa nini? Mtaala wa sasa umeahidi kukuza uwezo wa kila mwanafunzi. Kila mwanafunzi ni pamoja na yule aliyeketi dirishani akichora mashua.

Binti yangu sasa yuko gredi ya tano. Si namba moja, na nimeacha kuuliza. Juzi amelirudia lile swali la noti, safari hii akaongeza noti ya 500, akataka kujua shilingi 1,000 zaweza kulipwa kwa njia ngapi. Yeye anasema ni 49. Mimi nimefika 41 na bado naandika.